Wahadhiri, tusiwakwamishe wanaoomba nafasi za utafiti ng'ambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni ili nieleze jambo linalowahusu wanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vyetu, hasa wa sayansi na uhandisi, na ambalo linatuhusu zaidi sisi tunaowafundisha. Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi Februari, taasisi nyingi za utafiti za Ulaya, Marekani na Asia hupokea maombi ya wanafunzi wanaotaka kufanya utafiti katika maabara zake kwa wiki nane hadi kumi na mbili, katika miezi ambayo kwao ni majira ya joto na kwetu inaangukia likizo ndefu. Mwanafunzi anayechaguliwa halipi ada. Yeye ndiye anayelipwa posho ya kujikimu, mara nyingi hupewa malazi, na baadhi ya taasisi humgharimia hata nauli ya ndege. Wanafunzi wetu wanazijua nafasi hizo, kwa kuwa siku hizi matangazo yake husambaa katika makundi ya WhatsApp ya kila darasa, na wengi wanaomba. Wanaopata ni wachache. Ushindani ni mkali, hilo halina ubishi, lakini kwa jinsi ninavyoona maombi yanavyoandaliwa hapa nchini, mengi hukwama kabla hayajasomwa vizuri na yeyote, na kinachoyakwamisha ni nyaraka dhaifu zinazotoka vyuoni mwetu, ya kwanza ikiwa barua ya mapendekezo ya mhadhiri.

Nianze kwa ufupi na upande wa wanafunzi, kwa sababu kosa lao kubwa ni kutosoma masharti hadi mwisho. Programu inayotajwa zaidi katika makundi hayo ni REU ya Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, iliyoanza mwaka 1987, ambayo hugharimia wanafunzi wa shahada ya kwanza katika vituo vingi vilivyomo vyuoni na katika maabara za nchi hiyo, kila kituo kikichukua kundi dogo la watu wapatao kumi kwa wiki nane au kumi. Ni programu nzuri, lakini fedha zake ni za walipa kodi wa Marekani, na masharti yanasema wazi kwamba anayelipwa kwa fedha hizo lazima awe raia wa nchi hiyo au mkazi wake wa kudumu. Watoto wa ndugu zetu waliohamia huko na kupata ukazi wa kudumu wanaruhusiwa kuomba, na wafanye hivyo bila kusita. Mwanafunzi wa Morogoro au Mbeya mwenye pasipoti ya Tanzania hana nafasi hapo hata akiwa wa kwanza katika darasa lake, isipokuwa pale ambapo kituo kina fedha za chanzo kingine na kimetamka hivyo katika tangazo lake. Ndivyo ilivyo pia kwa programu ya RISE inayoendeshwa na shirika la Kijerumani la DAAD, ambayo huwapeleka katika maabara za Ujerumani wanafunzi wa vyuo vya Amerika Kaskazini, Uingereza na Ireland. Kijana anayepoteza mwezi mzima wa Januari kujaza fomu za aina hiyo hukosa muda wa zile ambazo angeweza kuzipata.

Zilizo wazi kwa raia wa nchi yoyote zipo. CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva, imekuwa ikipokea wanafunzi wa majira ya joto tangu mwaka 1962, na hata nchi zisizo wanachama, kama yetu, zina dirisha lao la maombi. Tena haitafuti wanafizikia peke yao, kwa maana mitambo yake inahitaji pia watu wa hisabati, kompyuta na uhandisi. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Austria, ISTA, iliyoko Klosterneuburg nje kidogo ya Vienna, huchukua wanafunzi wa biolojia, fizikia, hisabati na kompyuta bila kujali uraia. OIST, taasisi ya sayansi na teknolojia iliyoko katika kisiwa cha Okinawa nchini Japani, hupokea wanafunzi katika vipindi mbalimbali vya mwaka, jambo ambalo nitaeleza faida yake baadaye. Karibu zaidi na kwetu, Chuo Kikuu cha KAUST kilichoko Thuwal, kwenye pwani ya Saudi Arabia katika Bahari ya Shamu, hukaribisha wanafunzi wageni kwa miezi mitatu hadi sita. Mwanafunzi asizichanganye nafasi hizi na zile shule za majira ya joto ambazo vyuo vya nje huuza kama masomo ya kulipia. Na mtu anayemtaka atume fedha kwa simu ili amhifadhie nafasi ya utafiti ni tapeli.

Sasa nije kwenye barua. Fomu ya maombi ya programu hizi huwa na sehemu kuu tatu: taarifa ya matokeo ya masomo, maelezo ambayo mwanafunzi anaandika kujieleza yeye na utafiti anaoutaka, na barua za mapendekezo, moja au mbili, za walimu wanaomfahamu. Matokeo husema mwombaji alipata alama gani, na alama za waombaji wengi zinafanana. Maelezo yake mwenyewe husomwa kwa tahadhari, na tahadhari hiyo imeongezeka tangu akili mnemba ianze kuandika insha nzuri kuliko waombaji. Kinachobaki ni neno la mtu mzima aliyemwona kijana huyu akifanya kazi. Mtafiti wa Okinawa au Vienna anayekusudia kumkabidhi mgeni vifaa vyake na muda wa wasaidizi wake anataka kujua kama mgeni huyo huandika kumbukumbu za vipimo vyake, kama akikwama huuliza au hujificha, kama aliwahi kugundua kosa katika kazi yake na akalirekebisha bila kusukumwa, na kama atakaa na watu. Mambo hayo hayamo katika matokeo ya mtihani. Yako kichwani mwa mwalimu, na hayawezi kufika kule ila kwa barua yake.

Je, tunaandika nini? Barua nyingi zinazopita mikononi mwetu ni aya moja au mbili zinazosema kwamba mwanafunzi mwenye jina na namba ya usajili vilivyotajwa ni mchapakazi, mtiifu na mwenye nidhamu, na kwamba mwandishi hana shaka atafanya vizuri popote atakapopelekwa. Barua hiyo ingeweza kumhusu kijana yeyote wa chuo chochote. Utii ni sifa njema nyumbani na jeshini, lakini kiongozi wa maabara anataka mtu atakayethubutu kumwambia kwamba kipimo cha jana kimekosewa. Wengine humpa mwanafunzi barua ya utambulisho iliyotayarishwa na ofisi kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, ambayo inathibitisha tu kwamba amesajiliwa, kisha wanashangaa kwa nini haikumsaidia kitu.

Upo pia mtindo ambao sote tunaujua na hatupendi kuuzungumza hadharani, wa mhadhiri kumwambia mwanafunzi, "Andika mwenyewe, uniletee nitie saini." Nafahamu unakotoka. Mwalimu mwenye madarasa ya mamia ya wanafunzi, mitihani ya kusahihisha na vikao visivyokwisha hana muda wa kumwandikia kila anayeomba, na anaona kwamba kwa njia hiyo angalau anamsaidia. Kwa kweli anamwumiza. Kijana wa miaka ishirini na moja hajui barua hizi zinavyoandikwa, hivyo anajisifu kwa maneno makubwa yasiyo na mfano hata mmoja, na lugha ya barua inafanana mno na lugha ya maelezo yake binafsi. Anayesoma maombi kila mwaka hulitambua jambo hilo upesi, na akishalitambua hauamini tena ukurasa wowote wa ombi hilo. Isitoshe, programu nyingi huitaka barua iwe ya siri kati ya mwalimu na taasisi, kwa hiyo kumpa mwanafunzi aiandike ni kuvunja sharti ambalo mwalimu huyo ameahidi kulitimiza.

Kuna na suala la njia ya kuituma. Barua hizi haziletwi tena na mwanafunzi katika bahasha. Mwombaji hujaza jina na barua pepe ya mwalimu, kisha mfumo wa taasisi humtumia mwalimu kiungo cha kupakia barua yake kabla ya tarehe fulani. Taasisi hupendelea anwani rasmi ya chuo, nasi wengi wetu tuna anwani hizo lakini hatuzifungui, kwa kuwa shughuli zetu zote tunazifanyia katika anwani zetu binafsi. Kiungo kinakaa humo, au kinaangukia katika kapu la barua taka, siku ya mwisho inapita, na ombi la mwanafunzi linahesabiwa kuwa halijakamilika. Katika programu nyingi ombi la namna hiyo halisomwi. Mwanafunzi anapata jibu fupi la kukataliwa na anaamini kwamba hakufaa. Kumkumbusha mwalimu ni kazi nzito kwake, kwa sababu katika mila zetu mdogo kumfuatafuata mkubwa huonekana utovu wa adabu, basi anakuja ofisini, anaamkia, anaambiwa arudi wiki ijayo, naye harudi tena. Wa kuondoa ugumu huo ni sisi wakubwa, kwa kumwambia mwanafunzi waziwazi siku ya kwanza kwamba anaruhusiwa kukumbusha, na kwamba asipokumbusha ndipo tutakapomlaumu.

Kwa upande wao, wanafunzi waache kukimbilia vyeo. Wengi humwendea profesa au mkuu wa idara ambaye hajawahi kusema nao, kwa kudhani kwamba uzito wa barua uko katika jina la aliyetia saini. Mhadhiri msaidizi aliyesimamia mazoezi ya maabara kwa mihula miwili, akamwona mwanafunzi akirudia jaribio lililoharibika hadi jioni wenzake wakiwa wameshaondoka, ana mengi ya kueleza kuliko profesa aliyemwona kutoka mbele ya ukumbi wa mihadhara. Na pale ambapo programu inataka barua ya mtu mwenye shahada ya uzamivu, hakuna kinachomzuia mhadhiri mwandamizi kuketi na msaidizi wake, au na fundi sanifu wa maabara, akauliza na kuandika kwa uaminifu kwamba ameyapata kutoka kwao. Mwanafunzi naye ampelekee mwalimu, wiki tatu au nne kabla ya siku ya mwisho, ukurasa mmoja unaoeleza anaomba programu gani, tarehe ya kufunga ni ipi, alisoma naye kozi gani na alifanya kazi gani ndani yake. Mwalimu asikumbuke kwa kubahatisha.

Jambo la pili ambalo barua ya mwalimu inaweza kulitibu, na ambalo kwa maoni yangu linawapotezea wanafunzi wetu nafasi kimyakimya, ni kipimo cha alama. Katika vyuo vyetu vingi alama A huanzia asilimia 70, na wastani wa jumla hupimwa kwa kiwango cha juu cha 5, ambapo daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Marekani na kwingineko wanakofuata utaratibu wake, A kwa kawaida huanzia karibu na asilimia 90, na wastani hupimwa kwa kiwango cha 4. Tuchukue mwanafunzi wetu mwenye wastani wa 4.1, ambaye hapa nchini ni miongoni mwa wazuri. Fomu ikimtaka aandike wastani kwa kiwango cha 4, ama ataandika 4.1, namba ambayo haiwezekani katika kiwango hicho, ama atapiga hesabu ya kulinganisha na kupata 3.28, namba inayomfanya aonekane mtu wa kawaida tu. Msomaji wa kule akifungua karatasi ya matokeo na kukuta asilimia 72 katika kemia, ataiona kuwa ni alama ya mtu aliyeponea chupuchupu, wakati hapa ni A iliyopatikana kwa jasho. Hakuna wa kumweleza tofauti hiyo isipokuwa mwalimu. Sentensi mbili zinatosha: kwamba katika chuo hiki A ni kuanzia 70, na kwamba katika darasa lake ni wanafunzi wangapi waliofikia alama hiyo. Mwanafunzi mwenyewe asibadilishe kipimo kwa kubuni, aandike 4.1 kati ya 5 pale fomu inapompa nafasi ya kufanya hivyo, na isipompa aeleze katika sehemu ya maelezo ya ziada.

Hapa nazigusa ofisi za usajili. Cheti kamili cha matokeo hutolewa baada ya mtu kuhitimu, na hilo ni sawa. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili anayehitaji taarifa rasmi ya matokeo aliyoyapata mpaka sasa huzungushwa kwa wiki nyingi, mwishowe anapiga picha ukurasa wa matokeo katika simu yake na kuutuma. Picha hiyo haina muhuri, haina maelezo ya kipimo, na mara nyingine hata jina la chuo halionekani. Karatasi moja yenye muhuri, ambayo nyuma yake imechapwa jedwali la madaraja na maana yake, ingetosha kabisa, na jedwali hilo likishatengenezwa mara moja linatumika miaka yote.

Ipo hesabu nyingine ambayo wanafunzi wetu hawaambiwi mapema. Shahada ya sayansi kwetu kwa kawaida ni ya miaka mitatu, tofauti na Marekani ambako ni minne. Programu nyingi humtaka mwombaji awe bado mwanafunzi aliyesajiliwa, na zile zinazomtaka arudi chuoni kwake baada ya likizo zinamfungia nje aliye mwaka wa mwisho. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa miaka mitatu anayetaka nafasi za aina hiyo anaomba akiwa katikati ya mwaka wa pili, na matokeo pekee aliyo nayo mkononi ni ya mwaka wa kwanza, mwaka ule ule ambao wengi huutumia kuzoea maisha ya chuo kwa kujiambia kwamba watafidia mbele. CERN nayo humtaka mtu aliyekamilisha angalau miaka mitatu ya chuo kikuu kufikia majira hayo ya joto, sharti linalomfaa vizuri mwanafunzi wa uhandisi wa miaka minne lakini linalomwachia yule wa miaka mitatu upenyo mwembamba mwishoni mwa masomo yake. Mambo haya yangeelezwa katika wiki ya kwanza ya mapokezi, pale wanafunzi wapya wanapooneshwa maktaba na zahanati, yangewafaa wengi.

Kuhusu maelezo ya mwanafunzi mwenyewe nitasema kidogo, kwa sababu yameandikwa sana kwingine. Shauku ya sayansi tangu utotoni haimsaidii msomaji kuamua lolote. Tuseme kijana amewahi kupima chumvi katika visima vya Mbagala au Kigamboni kwa ajili ya mradi wa kozi, akaona maji ya kisima kilicho karibu na bahari yakizidi kuwa ya chumvi wakati wa kiangazi, akajiuliza kama ni bahari inayoingia chini ya ardhi au ni kitu kingine, na akagundua kwamba kifaa alichotumia kilihitaji kusawazishwa kila asubuhi. Hayo ndiyo ya kuandika, kisha aunganishe swali lake na kazi ya kundi mahususi la utafiti analoliomba, baada ya kusoma walau makala moja ya kundi hilo. Programu kama za ISTA na OIST humtaka mwombaji ataje makundi anayoyapendelea, na anayetaja bila kusoma hujulikana. Ajiandikie mwenyewe, na ajaze fomu mwenyewe. Kumwachia kijana wa steshenari afungue akaunti ya maombi kwa barua pepe yake ni kujitafutia balaa, kwa sababu jibu likija litakwenda kwa mwenye steshenari.

Wapo watakaosema kwamba vijana wetu hawana cha kuandika kwa kuwa hawajawahi kufanya utafiti. Hoja hiyo ina ukweli, na historia ya hapa hapa nchini inaonesha namna ya kuijibu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kwa miaka kadhaa iliyofuata, Chuo Kikuu cha Arizona kiliendesha mjini Kigoma programu iliyoitwa Nyanza Project, kwa msaada wa fedha za NSF, ambapo wanafunzi wa Kimarekani waliishi na kufanya kazi pamoja na wanafunzi wa Kiafrika kutoka nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika. Kila mmoja alikuwa na swali lake: wengine walichunguza tabaka za udongo wa chini ya ziwa ili kujua hali ya hewa ya zamani, wengine samaki wa jamii ya sikilidi ambao aina zake nyingi hazipatikani popote pengine duniani, wengine kemia ya maji ya ziwa hilo lenye kina cha takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Mwishoni waliandika ripoti za utafiti wao. Ziwa halijahama, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ingali na kituo chake Kigoma.

Nayataja hayo kwa sababu kila mwaka tunawatuma maelfu ya wanafunzi katika mafunzo kwa vitendo ya wiki nane au zaidi, na Bodi ya Mikopo huwalipia wengi wao, lakini wanafunzi wengi wa sayansi huzimaliza wiki hizo katika ofisi wakirudufu karatasi na kupanga mafaili. Wangepelekwa katika vituo vya TAFIRI, katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, katika Taasisi ya Afya Ifakara au katika mashamba ya utafiti wa kilimo, wakapewa swali moja dogo la kulijibu na mtu wa kuwasimamia, wangerudi na kitu cha kuandika, na wasimamizi wao wangekuwa na kitu cha kukisema katika barua ya mapendekezo. Najua vituo hivyo vina uhaba wa vitanda na vifaa. Hata kituo kimoja kikichukua wanafunzi sita badala ya mmoja ni mwanzo.

Mafunzo hayo hayo, kwa upande mwingine, yamekuwa kizuizi. Muhula wa pili katika vyuo vyetu vingi huishia Julai, baada yake huja mafunzo kwa vitendo, wakati programu za majira ya joto huanza Juni na nyingine hata kabla ya hapo. Mwanafunzi aliyechaguliwa hujikuta akichagua kati ya mtihani na safari, na akifanikiwa kuahirisha safari hadi Julai anaambiwa kwamba lazima afanye mafunzo kwa vitendo katika ofisi iliyoidhinishwa hapa nchini, la sivyo atarudia mwaka ujao. Nimeona mwanafunzi akilazimishwa kuchagua namna hiyo. Hakuna busara katika kumwambia mtu aliyefanya kazi wiki kumi katika maabara ya kimataifa, chini ya msimamizi anayeandika ripoti, kwamba hajafanya mafunzo kwa vitendo. Seneti za vyuo zina mamlaka ya kulirekebisha hilo kwa azimio moja, kwa sharti kwamba idara iidhinishe mpango wa kazi kabla ya kuondoka na ipokee ripoti baada ya kurudi. Hadi hapo itakapokuwa, nawashauri wanafunzi waanze na taasisi kama OIST, ambazo tarehe zake zinaweza kupangwa kuukwepa mtihani.

Juu ya viza na pasipoti sina mengi, ila kwamba pasipoti ishughulikiwe mapema, kabla jibu halijatoka, na kwamba viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, zikiwamo Austria na Uswisi, hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo anayepewa wiki kumi na mbili ahesabu siku zake kabla ya kupanga matembezi ya ziada.

Kwa wahadhiri wenzangu nina ombi la vitendo. Dirisha la CERN kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa Januari, na programu nyingine nyingi hufuata ratiba inayokaribiana na hiyo, kipindi ambacho kwetu kimebanwa na sikukuu, mitihani ya muhula na usahihishaji. Barua inayoanzwa wiki ya mwisho ya Januari itakuwa ile ya mchapakazi na mtiifu. Kila idara iteue mwalimu mmoja wa kuratibu maombi haya, aweke orodha ya tarehe za kufunga ubaoni mapema Novemba, na apange kwamba mwanafunzi anayehitaji barua aketi na mwalimu wake kwa nusu saa kabla ya Desemba kwisha, wazungumze kazi aliyoifanya, mwalimu akiwa na kalamu mkononi. Na tufungue zile barua pepe za chuo.

Mhadhiri wa sayansi,
Dar es Salaam